Kufufua desktopu ya ex-UK: anza na SSD, na ujue pa kuachia

Hapa Nairobi, ukipita Luthuli halafu upande Moi Avenue utakuta hizi desktopu nyeusi za ofisi zimepangwa ukutani kama matofali, Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre, nyingi zimetoka kwa maofisi za Uingereza zikaletwa huku mtumba. Zingine kama hizo ziko kwa cyber, ziko shuleni, na pengine moja iko kwako chini ya meza, inawaka polepole mpaka unaenda kuchemsha chai na ukirudi bado inazungusha zile doti. Hii mwongozo ni ya huyo mwenye ako na hiyo moja. Siongelei kujenga mashine ya gemu, naongelea kuchukua kompyuta ya 2008 mpaka 2013 hivi na kuifanya ifungue iTax ya ushuru, eCitizen ya serikali, Zoom na Excel bila kukuchosha roho, na bila kumaliza mshahara. Fuata mpangilio vile umekaa, kwa sababu watu wengi huanza na kitu ya mwisho, anaenda ananunua kadi ya grafiksi ama anatafuta i7, kumbe shida yote ilikuwa diski, na dawa yake ni SSD, diski ya chipu isiyozunguka.

Hatua ya 1: jua uko na nini kabla ya kutoa hata shilingi

Usiende town ukisema tu "niko na Dell". Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, uone modeli na prosesa, halafu uandike mahali. Kama mashine haiwaki, modeli iko kwa stika mbele ama juu, na kwa Dell kuna Service Tag ambayo ukiiweka kwa tovuti yao inakuonyesha mashine ilitoka kiwandani na vitu gani.

Hiyo namba ya modeli ndio inaamua karibu kila kitu. Chukua OptiPlex peke yake: 755 na 760 zinatumia RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya zamani ya DDR2 na prosesa za Core 2, na DDR2 siku hizi haina maana kuitafuta, utalipa zaidi upate kidogo. 780 bado ni Core 2 lakini RAM ni DDR3, angalau hapo kuna mahali pa kuanzia. 790 na 990 za 2011 ndio zilileta i3, i5 na i7 za jenereshoni ya pili. 7010 na 9010 za 2012 zinakubali jenereshoni ya pili na ya tatu, na kwangu mimi hiyo 7010 ndio mashine bora ya kufanyia hii kazi, vipuri vyake viko kila mahali. Kwa HP, 8200 Elite inaenda sambamba na 790, na 8300 Elite inaenda sambamba na 7010. (Dell walikuja wakarudia jina la 7010 mwaka wa 2023 kwa mashine tofauti kabisa, kwa hivyo ukidownload draiva ama BIOS (programu ndogo inayoamsha mashine) cheki usichukue za hiyo mpya.)

Angalia pia ukubwa wa kesingi. Zile ndefu za kusimama zina nafasi, zile nyembamba za kulala zinataka kadi fupi, na zile ndogo sana kama ThinkCentre Tiny zinatumia RAM ya laptopu na hakuna mahali pa kuongeza kadi.

Hatua ya 2: safisha, na ucheki stima

Vumbi ya Nairobi haina huruma, hasa kama mashine ilikuwa sakafuni kwa duka la kando ya barabara. Chomoa waya wa stima kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kama kumi ndio umeme uliobaki uishe, halafu fungua. OptiPlex nyingi hazitaki hata bisibisi, kuna kishikizo unavuta na ubavu unatoka. Tumia brashi laini ya rangi na blowa. Usiipeleke petrol station ipigwe na ile pampu ya matairi, ile hewa huja na maji maji na presha yake ni kubwa. Ukipuliza feni ishikilie na kidole isizunguke, ikizunguka kwa nguvu ya upepo inaweza kurudisha umeme kwa madabodi na pia beringi zake zinaumia.

Ukiwa hapo nyuma tazama pawa saplai. Zingine za zamani, hasa mashine zilizotoka Marekani, ziko na kaswichi kadogo kekundu kameandikwa 115 na 230. Hapa Kenya tuko 240, kwa hivyo lazima kasome 230. Kakiwa 115 na uchomeke kwa ukuta utaskia pah! na hiyo ndio mwisho wa pawa saplai. Watoto hupenda kuchezea hako kaswichi, wee kafunike tu na selotepu.

Badilisha na betri ya madabodi, ile ya duara inaitwa CR2032, ni bei ya kutupa. Ikiisha nguvu saa inarudi miaka nyuma kila ukizima, na hapo ndio unashangaa mbona kila tovuti inasema si salama, KRA haifunguki, benki haifunguki, unalaumu intaneti kumbe kompyuta inadhani tuko 2010.

Hatua ya 3: SSD, hapa ndio pesa yako inafaa kwenda kwanza

Hadi diski (hard disk) ya kawaida ni sahani inazunguka mara 7200 kwa dakika na kidole kinatembea juu yake kikitafuta data. Ukifungua Windows, maelfu ya faili ndogo ndogo zinaitwa kwa mpigo, na hicho kidole kinakimbia huku na huku, prosesa yako imekaa tu inangoja. Ndio maana unafungua Task Manager unaona diski iko asilimia 100 na prosesa iko 8. SSD haina kitu inatembea. Hata kwa 780 ya zamani yenye SATA (njia ya kuunganisha diski) ya toleo la pili, ambayo mwisho wake ni karibu megabaiti 300 kwa sekunde, utaona tofauti mara moja, kwa sababu si ile spidi ya kunakili sinema inakusumbua, ni kule kutafutatafuta.

Nunua ya SATA ya inchi 2.5. GB 240 ama 256 inatosha mtu wa ofisi, ya 120 itakubana haraka. Usinunue NVMe, ile SSD ya kadi ndogo, kwa hizi mashine, hakuna sloti yake, na hata ukiweka kwa adapta ya PCIe BIOS nyingi za huo wakati haziwezi kubuti, yaani kuamsha Windows, kutoka hapo. Muuzaji atakwambia itaingia tu. Kuingia itaingia, kubuti ndio shida.

Jihadhari na SSD feki. Ukiona terabaiti 2 kwa bei ya soda na chipo, hiyo ni flash diski imefungwa kwa kava ya SSD na imedanganywa kusema ni 2TB. Nunua jina linalojulikana, duka lenye risiti, uulize waranti ni ya miezi mingapi na waandike. Ukifika nyumbani, kabla hujaweka kitu, ipime na H2testw kwa Windows ama F3 kwa Linux, inajaza diski yote halafu inasoma tena ione kama data ilikaa kweli. Inachukua muda, iache ikifanya ukiendelea na mambo yako. Ikifeli rudisha siku hiyo hiyo.

Kuifunga ni rahisi. Waya mbili, moja ya data na moja ya stima, na nyingi za hizi kesingi ziko na waya ya ziada hapo kwa DVD. SSD ni ndogo kuliko sehemu ya diski ya zamani kwa hivyo tafuta breketi ya plastiki, ukikosa hata ukiibandika na tepu ya pande mbili ni sawa, haina kitu inatetemeka. Kwa 7010 na 8300 chomeka kwa SATA0 ama SATA1, hizo mbili ndio za spidi ya juu, zingine ni za spidi ya zamani.

Sasa kitu watu wanasahau. Kabla ya kuinstall, ingia BIOS, kwa Dell ni F2 na kwa HP ni F10, uende mahali pa SATA Operation ucheki. Dell nyingi zinakuja zimewekwa RAID On ama hata ATA ya zamani. Weka AHCI. Ukibadilisha hii baada ya kuinstall, Windows inaweza kukataa kuwaka na skrini ya bluu, ndio maana nasema fanya kwanza. Kuchagua flashi ya kubuti ni F12 kwa Dell na F9 kwa HP.

Kuhamisha ama kuinstall upya? Kama mashine ilikuwa ya cyber ama ya mtu mwingine, install upya, usibebe takataka na virusi vya miaka kumi. Kama uko na programu ya uhasibu ambayo huna tena diski yake, tumia Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, ni ya bure, ila kumbuka inataka diski mpya iwe sawa ama kubwa kuliko ya zamani, na diski nyingi za zamani ni GB 500 zikiwa na data ya GB 60. Kwa hiyo hali unapunguza patisheni (sehemu ya diski yenye data) ya zamani kwanza na GParted, na hiyo ni kazi ya kufanya na kichwa kimetulia, bakapu iko kando.

Hatua ya 4: RAM

GB 4 siku hizi ni shida. Chrome na tabo sita, WhatsApp Web na Excel, imeisha, inaanza kutumia diski kama RAM. GB 8 ndio lengo, 16 kama unaedit picha ama unafungua mafaili makubwa. Zaidi ya hapo kwa mashine kama hii ni sifa tu.

Hapa ndio watu wanauziwa vitu visivyofaa, kwa hivyo soma polepole. DDR2 na DDR3 za desktopu zote ziko na pini 240 na ukizitazama haraka zinafanana, lakini lile pengo dogo chini halikai mahali pamoja. Ishike RAM juu ya sloti bila kusukuma, ulinganishe pengo na kijino cha sloti, kama havilingani usilazimishe, hiyo si yake. Pili, soma stika. PC3-10600 ni 1333, PC3-12800 ni 1600, zote zitafanya, ukichanganya zitaenda kwa spidi ya ile ya chini. Lakini ukiona herufi R mwishoni, kama PC3-10600R ama 12800R, hiyo ni ya seva. Bei yake ni ya chini sana, na sababu ni kwamba haiwezi kuwaka kwa desktopu yako. Tatu, kuna RAM za China zimeandikwa za AMD peke yake, kwa hizi mashine za Intel hazisomi. Ukienda dukani beba ile ya zamani mkononi, mwonyeshe muuzaji, na kama mashine si nzito ibebe pia, waiweke hapo hapo uone BIOS ikisoma jumla.

Nunua mbili zinazofanana, mfano GB 4 mbili badala ya GB 8 moja, ndio zifanye kazi pande mbili kwa pamoja. Kwa OptiPlex sloti za jozi ya kwanza ndio ziko na vishikizo vyeupe. Bonyeza kila upande mpaka uskie klik, klik ya pili ndio watu wanaacha. Ukiwasha na haionyeshi kitu, taa ya kitufe iko rangi ya machungwa, usiogope, mara tisa kwa kumi RAM haijakaa. Itoe, pangusa zile dhahabu na rabar safi ya penseli, upepete vumbi ya rabar, rudisha.

Na tafadhali, kama Windows yako ni ya 32-bit, ukiweka hata GB 16 itatumia kama 3 na kitu tu. Weka ya 64-bit.

Hatua ya 5: prosesa, kama kweli inahitajika

Baada ya SSD na RAM, tumia mashine wiki mbili tatu kwanza. Wengi hawarudi hapa. Lakini kama uko na i3-2100 ama Pentium, na Zoom inafanya feni ilie, 7010 inakubali i5-3470 ama i7-3770 na hizo zinatoka kwa mashine zilizokufa, bei si mbaya. i5 ina core nne, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi, i3 ina mbili, utaiskia. i7 inaongeza nyuzi (threads, kazi zinazoenda kwa pamoja), nane badala ya nne, ni ya mtu wa video. 790 na 8200 mwisho wao ni jenereshoni ya pili, kwa hivyo hapo tafuta i5-2400 ama i7-2600. Ukiweka 3470 kwa 790 haitawaka, hata kama soketi ni ile ile 1155 na inaingia vizuri kabisa. Wengine hapa wataambiwa apdeti BIOS, kwa hizo haisaidii.

Apdeti ya BIOS kwa zingine ni sawa, lakini fanya ukiwa na UPS. Stima ikipotea katikati, na unajua vile stima yetu iko, madabodi imekufa.

Kubadilisha: fungua skrubu za hitisinki, ile chuma inapoza prosesa, kidogo kidogo kwa mshazari, ikiwa imegandamana izungushe taratibu kulia kushoto, usivute kwa nguvu. Inua mkono wa soketi, toa ya zamani ukishika kingo. Pini ziko kwa madabodi, ni nyembamba kama unywele, usiguse, usidondoshe kitu hapo. Mpya ina mapengo mawili madogo ubavuni na kapembetatu kadogo kwa kona, inakaa upande mmoja tu, iache ianguke yenyewe mahali pake. Pangusa pesti (krimu ya kupitisha joto) ya zamani na isopropyl na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka pesti mpya kiasi cha punje ya dengu katikati, funga hitisinki. Usipake kama Blue Band.

Hatua ya 6: kadi ya grafiksi na pawa saplai

Hapa nitapita haraka. Pawa saplai ya 7010 nyembamba ni wati 240, ile ndefu ni 275, na hazina waya ya ziada ya kadi. Kwa hivyo kadi lazima ichukue umeme kutoka sloti peke yake, na sloti inatoa mwisho wati 75. GT 1030 inachukua 30, iko ya urefu mfupi, inatosha. Lakini ziko aina mbili, ya GDDR5 na ya DDR4, zote jina moja, na ya DDR4 kumbukumbu yake ni polepole karibu mara tatu. Soma boksi, usisome jina.

Kama shida yako ni YouTube kukatakata, jaribu bure kwanza. Grafiksi za ndani za hizo i5 za zamani hazifungui video za VP9 (namna YouTube inapakia video zake) zenyewe, kazi yote inaangukia prosesa. Weka ekstensheni ya h264ify kwa brauza, YouTube italeta video za H.264, aina ya zamani, na hiyo grafiksi ya ndani inaiweza.

Ukifikiria kuweka pawa saplai kubwa, jua OptiPlex 9020 na wenzake wa baadaye walitumia plagi ya pini 8 kwa madabodi, si ile ya kawaida ya 24, utahitaji adapta. Na ukinunua pawa saplai ya bei ya chini yenye stika ya wati 500 na uzito wa karatasi, hiyo yako ya 240 ya kiwandani ni bora mara mia.

Hatua ya 7: utaweka Windows gani

Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Intel kuanzia jenereshoni ya nane, hizi zetu hazifiki. Kuna njia za kupita na mafundi wanazijua, kwa i5 ya jenereshoni ya pili ama ya tatu inawaka, lakini hakuna ahadi kwamba apdeti kubwa ya mbele itakubali. Kwa Core 2, kuanzia toleo la 24H2 haiwaki kabisa, prosesa zenyewe zinakosa amri ambazo Windows inahitaji, hakuna ujanja hapo.

Ushauri wangu, kama kazi yako iko ndani ya brauza, weka Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure badala ya Windows. iTax, eCitizen, Google Docs, M-Pesa ya biashara kwa tovuti, zote zinafunguka. Ijaribu kwa flashi kwanza bila kuinstall, uone kama printa na Wi-Fi zinasomwa. Ukihitaji QuickBooks ya desktopu ama programu fulani ya Windows, basi baki Windows na ujue unabeba nini.

Vitu vidogo vya kumalizia: 7010 haina HDMI, ina DisplayPort na VGA, kwa hivyo tafuta kebo ya DisplayPort kwenda HDMI, na uangalie upande, kebo ya HDMI kwenda DisplayPort ni kitu kingine na haitafanya. Wi-Fi ya USB ni sawa, ila weka kwa mlango wa mbele ama tumia waya ya kurefusha, nyuma ya chuma cha kesingi sinyali inaumia.

Na kabla hujafika mbali, piga hesabu kwa karatasi. SSD na RAM, endelea tu. Ukishaongeza prosesa, kadi na pawa saplai, uliza kwa maduka matatu bei ya ex-UK yenye i5 ya jenereshoni ya nane. Mara nyingi utakuta imekaribia, na hiyo inakubali Windows 11 bila ujanja, ina sloti ya NVMe na inatumia DDR4. Kama ni 755 ama 760, mimi singeweka zaidi ya SSD, ambayo hata ukiiuza mashine unaichomoa unabaki nayo.

Ile hadi diski uliyotoa usiiache kwa fundi. Iko na pasiwodi zako, scan ya kitambulisho, na mareteni ya KRA. Kama ni nzima nunua kava ya USB uitumie kwa bakapu, ya inchi 3.5 inataka kava yenye adapta yake ya stima, ya 2.5 inajitosheleza kwa USB. Kama unaiuza ama kuipeana ifute kwanza na programu ya nwipe, raundi moja inatosha, kudelete na kuformat haraka hakufuti kitu. Na kama imekufa, itoboe na drili mashimo mawili matatu kwa sahani, halafu uipeleke pamoja na zile RAM na pawa saplai mbovu kwa watu wa taka za kielektroniki, usitupe kwa pipa la plot.